Mwiko wa Duara la Nelly

Bernadina alikuwa ameishi Geita miaka ishirini na sita, lakini ilibidi apande kosta ya njano ndipo aambiwe na kijana wa Arusha kwamba mjini kwake dhahabu huokotwa mitaroni.

"Mnauona huo mtaro hapo kulia?" kijana alisema kwenye kipaza sauti. "Mvua ikinyesha usiku, asubuhi watoto wanaokota dhahabu hapo wakienda shule. Ndiyo Geita hiyo."

Abiria wakainuka kuupiga picha mtaro. Bernadina alikuwa kiti cha mwisho kabisa, amebanwa na hotpoti nne, ndoo ya maji ya kunawa na boksi la sahani. Naye aliutazama mtaro ule ule. Aliona tope na chupa za plastiki. Binti yake Nelly alikuwa amepita hapo miaka saba akienda shule ya msingi, na kitu pekee alichowahi kuokota ni minyoo.

Kijana aliitwa Davis. Alikuwa mwongozaji wa kampuni moja mpya ya utalii iliyokuwa ikizungusha wageni mjini na kwenye machimbo madogo, na hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na adabu, alimwamkia Bernadina kila walipokutana, na alimlipa kwa wakati. Kwa kawaida wageni wake walikuja kula kwenye kibanda cha Bernadina pale Nyankumbu. Safari hii wageni walitaka kula machimboni, wapate na hadithi ya kurudi nayo, ndiyo maana mpishi akapakiwa pamoja na chakula.

Wageni wenyewe walikuwa akina mama ishirini na wawili wa chama kimoja cha kuweka na kukopa kutoka Dar es Salaam. Walikuwa wamevaa fulana zinazofanana na walikuwa wamekuja kutembea tu. Mwenyekiti wao, mama mnene mcheshi aliyeitwa Mwamvua, alikaa mbele karibu na Davis na kila alichoambiwa alikipigia makofi.

Walipita soko la dhahabu. Davis akasema humo ndani mtu huingia na kandambili akatoka na gari. Bernadina alimjua mtu mmoja aliyeingia humo na gari akatoka na kandambili, lakini hakuulizwa. Wakapita mahali ambapo wanawake walikuwa wamekaa juani wakiponda mawe kwa nyundo, mawe ambayo wachimbaji huyaona hayana kitu. Kosta ikapunguza mwendo.

"Hii ni kazi nyepesi ya akina mama," Davis alieleza. "Wanaponda huku wanapiga soga. Wanaipenda sana, ukiwaambia waache hawataki."

Hapo Bernadina alihisi hasira ya kwanza, hasira ndogo. Alikuwa amekaa mahali pale pale miaka miwili, baada ya mumewe kufariki, na vumbi la yale mawe bado lilimkohoza hadi leo. Kazi nyepesi. Alitamani kumpa Davis nyundo kwa asubuhi moja tu, aone soga zinapatikana wapi. Lakini mtu aliyekodiwa kupika hasahihishi mwenye kipaza sauti, kwa hiyo alishika mfuniko wa hotpoti usicheze.

Mji ukaisha, lami ikaisha, na Davis akawageukia wageni kwa sauti ya mtu aliyeweka kitamu mwisho.

"Sasa tunaelekea Mwabulugu. Pale kuna duara moja maarufu sana." Akaeleza kwamba duara ni shimo la wachimbaji wadogo, linalochimbwa kwa mkono na kuzuiwa kwa magogo yanayoitwa matimba. "Hili linaitwa Nelly. Limepewa jina la binti wa Mjerumani aliyekuja huku enzi za ukoloni. Binti akafa kwa homa, baba yake akalia sana, akaliita shimo jina la mwanawe."

Akina mama wakasikitika kwa pamoja. Mwamvua alisema masikini, mtoto wa watu.

Nyuma kule Bernadina aliacha kushika mfuniko.

Mwabulugu palikuwa mlima wenye maduara mengi, lakini Nelly lilikuwa moja. Alilijua kwa sababu alikuwepo siku lilipopewa jina. Mumewe Ngassa alilianzisha wakati Nelly ana wiki tatu, akachukua kipande cha bati na rangi ya milango, akaandika jina la mtoto. Hakuna Mjerumani aliyehusika. Bernadina alipika ugali wa wachimbaji wa kwanza sita huku mtoto akiwa mgongoni, akiwa amesimama mbali kama mila ilivyotaka, maana mwanamke hasogei kwenye mdomo wa duara. Akisogea, wachimbaji wanasema, dhahabu inahama.

Na mjane ndiyo kabisa. Ngassa alipofariki kwa ugonjwa wa ini, miaka sita iliyopita, mdogo wake Charles alimkalisha Bernadina chini siku ya kuanua matanga. Akamwambia kwa upole mwingi kwamba duara la kaka limejaa maji, matimba yameoza, hakuna tena wa kushuka. Akachukua leseni, kwa maneno yake, aitunze. Bernadina alipotaka kwenda kujionea, Charles alishtuka kama mtu aliyesikia tusi.

"Shemeji, mjane akikanyaga mdomo wa duara la marehemu mumewe, wanaofukiwa ni watu. Unataka damu mikononi?"

Hakutaka. Alikuwa Msumbwa wa Ushirombo, aliyeolewa Usukumani, amezaliwa karibu na misheni na kubatizwa akiwa na siku nane, lakini kuna mambo mtu hayabishii hata akiwa na rozari shingoni. Miaka sita hakukanyaga Mwabulugu. Nelly aliacha chuo cha uuguzi mwaka wa pili kwa kukosa ada, akarudi nyumbani kuosha sahani za mama yake. Duara ndilo lilikuwa urithi wake, na duara lilikuwa limekufa. Ndivyo walivyoamini, mama na mtoto, na wala hawakumlaumu mtu.

Kosta ikasimama. Bernadina alifuta vumbi la dirisha kwa kanga.

Bati lilikuwepo bado, jina limepakwa rangi upya. Chini yake duara lilikuwa limezungushiwa uzio wa miti, lina paa la turubai, winchi na pampu ya maji. Viroba vya mawe vilipangwa mpaka usawa wa kifua, na mashine ya kusagia mawe, ile wanayoiita karasha, ilikuwa ikinguruma mteremkoni. Wachimbaji walitoka na kuingia. Duara lililokufa lilikuwa na afya kuliko yeye.

Charles alisimama langoni, amevaa kofia ngumu nyeupe na buti mpya, ameota kitambi. Alikuwa akiwapokea akina mama kwa mikono miwili.

"Karibuni sana, mama zangu. Hapa ndipo nyumbani kwetu."

Davis akawakusanya. Aliwaambia kwamba kwa mila za huku mwanamke haruhusiwi kusogelea duara, ni mwiko mkubwa, watu wamekufa. Akina mama wakashika vifua. "Lakini msiogope," Davis akaendelea. "Mzee wetu hapa ana dawa. Kila mgeni atafungwa kitambaa cha kaniki mkononi, elfu kumi tu, mizimu itatulia, na mtashuka ngazi kumi na mbili za kwanza kupiga picha."

Na wakafungwa. Bernadina alishuhudia kwa macho yake mawili. Charles alikuwa na ndoo nzima ya vipande vya kaniki, amevikata mapema kwa mkasi, na alifunga mkono mmoja baada ya mwingine huku akinong'ona maneno ambayo Bernadina, kwa namna midomo ile ilivyokwenda, aliapa ni kuhesabu noti. Wanawake ishirini na wawili wakapita langoni, wakafika mdomoni, wakashuka wakicheka. Dhahabu haikuhama. Hakuna aliyefukiwa.

Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Lakini hapa mwenyeji alikuwa hajapona chochote. Aliachwa garini alinde wali.

Alishuka. Davis alimwona akamkimbilia.

"Mama, samahani, wewe baki na chakula. Mzee hataki mwanamke mwingine asogee, ni hawa waliolipia tu."

"Nimekusikia, mwanangu," Bernadina alisema, akapita.

Charles alikuwa ameinama kuokota kitambaa kilichoanguka. Alipoinuka na kumwona, uso wake ulitafuta pa kukaa ukakosa.

"Shemeji. Umefuata nini huku?"

"Nimeleta chakula cha wageni wako. Shimo uliniambia lina maji."

"Lilikuwa nayo. Tumeyavuta juzijuzi tu. Nilikuwa nakuja kukuambia."

Bernadina aliyatazama matimba. Yalikuwa yamepauka kwa jua na kusuguliwa na kamba mpaka yakang'aa. Mti haupauki hivyo kwa juzijuzi.

"Matimba haya yana miaka, Charles." Hakuwahi kumwita jina lake kavukavu tangu aolewe.

"Tutaongea nyumbani. Mbele za wageni si heshima."

"Nyumbani kwa nani? Kwangu hujakanyaga tangu matanga. Nelly ameacha chuo, umekuja kumpa pole?"

Charles alisogea karibu na kushusha sauti. Upole wa siku ile ya matanga ulirudi, ule ule, kana kwamba alikuwa ameutunza pamoja na leseni.

"Rudi kwenye gari, shemeji. Wewe ni mjane wa hapa, si kama hao wageni. Mwiko unaujua. Usije ukaniulia watu."

Aibu iliyoje, miguu ya Bernadina ilimtii. Iligeuka yenyewe. Miaka yote ile ya kusimama mbali akiwa na ugali wa watu ilikuwa imeifundisha, na hasira peke yake haikutosha kuisahaulisha. Alikuwa amepiga hatua nne kuelekea kwenye kosta aliposikia kicheko nyuma yake. Mwamvua alikuwa akitoka shimoni, ana tope hadi magotini, kaniki inaning'inia mkononi.

"Mama wa chakula, wewe hushuki?" aliuliza kwa furaha. "Shuka bwana, ni raha. Usimsikilize mtu."

Hakuwa na habari alichokisema. Lakini Bernadina alisimama. Mwanamke wa Dar, ambaye hakulijua duara hili wala kaburi la aliyelichimba, alikuwa ametoka humo akicheka, na yeye aliyelilia miaka sita alikuwa anarudishwa kulinda sahani. Ilimpanda hasira ya pili, na hii haikuwa ndogo. Ilimpanda mpaka masikio yakavuma.

Aligeuka, akapita langoni, akapita ndoo ya kaniki bila kuiangalia. Alifika mdomoni mwa duara, akakunja kanga, akaketi juu ya gogo la kwanza na miguu yake ikaning'inia shimoni.

Karasha iliendelea kunguruma kidogo, kisha mtu akaizima.

Mchimbaji aliyekuwa kwenye winchi ndiye aliyemwona kwanza. Aliachia mpini kana kwamba umemuunguza. Akaita chini kwa Kisukuma, neno moja au mawili, na kamba ikaanza kutikisika. Walitoka mmoja mmoja, wamejaa tope jeupe, wakapita kwa kubana pembeni ili wasimguse, wakaenda kusimama nje ya uzio. Wa mwisho alikuwa mzee mwembamba mwenye tochi kichwani. Alisimama mbele ya Bernadina akamkodolea macho, kisha akavua tochi.

"Mama Nelly?"

Alikuwa Onesmo, mmoja wa wale sita wa kwanza.

"Ni mimi, shemeji Onesmo."

"Mayu wee. Sisi tuliambiwa umerudi kwenu Ushirombo, umeolewa. Tukaambiwa umechukua chako chote ukaondoka."

"Nani aliwaambia?"

Onesmo alimtazama Charles, na wenzake wote wakamtazama Charles.

"Rudini kazini," Charles alisema. "Ni ugomvi mdogo wa familia."

Hakuna aliyesogea. Kijana mmoja alisema mjane amekaa mdomoni mwa duara la mumewe, na ana hasira, kwa hiyo yeye kijana hashuki hata apewe shimo zima. Mwingine akasema hata maduara ya jirani hayafai leo. Neno lilikuwa limeshateremka mlimani. Kule chini watu wa maduara mengine walikuwa wanapanda juu kutoka mashimoni, wengine wameshaanza kukusanya sururu zao. Charles aliona. Mlima mzima ungelala siku nzima, pengine wiki, mpaka mganga aitwe na mbuzi mweusi achinjwe, na wenye maduara wote wangeuliza ni shemeji wa nani aliyefunga mlima.

"Shemeji, inuka," alisema. "Nakuomba."

"Sijachoka kukaa."

"Wale wageni waliingia, hakuna kilichotokea," aliwaambia wachimbaji. "Mmeona wenyewe."

"Wale ni wapita njia," Onesmo alisema. "Huyu ndiye mwenye mwiko. Wewe mwenyewe ulitufundisha hivyo."

Charles aligeuka huku na huku. Kisha akamnyang'anya Davis kipaza sauti cha mkono, akaelekea ukingoni, akapayuka kwa mlima mzima.

"Sikilizeni. Hakuna mwiko. Hakuna mwiko wowote. Hayo ni maneno ya kuwatisha wanawake tu, wasije kutusumbua kwenye kazi. Mimi mwenye duara nasema, hakuna kitu. Rudini kazini."

Sauti ilikwenda ikagonga mlima wa pili ikarudi. Charles alishusha kipaza sauti polepole, na hapo ndipo alipojisikia mwenyewe.

Mwamvua alitazama mkono wake. Akafungua fundo la kaniki kwa meno.

"Basi hii uliyotufunga ni ya nini, baba?" aliuliza. Kicheko hakikuwepo tena. Akina mama wengine nao walianza kufungua, wakivitupa vile vitambaa chini miguuni mwake.

Davis alijikuna kichwa. "Mzee, hata ile ya Mjerumani ulinidanganya?" Davis hakuwa na kipaza sauti cha kuuliza tena.

Bernadina hakuinuka.

"Kama ni maneno tu," alisema, "mimi miaka sita nilikaa nyumbani kwa sababu gani? Mtoto wa kaka yako aliacha masomo kwa sababu gani? Niambie, Charles, maana niliogopa kuua watu. Nilikuwa nasali nisije nikaota niko huku, nikaua watu kwa ndoto. Wewe ulikuwa unajua ni maneno tu."

"Leseni ninayo mimi," Charles alisema. Ndilo jambo pekee alilobaki nalo. "Mwenye leseni ndiye mwenye duara."

"Unayo kwa kuwa uliichukua. Umewahi kuisoma? Ina majina mawili. Ngassa mwandiko wake ulikuwa mbaya, fomu niliijaza mimi. Jina langu nililiandika kwa mkono wangu, chini ya la kwake, na nakala ofisi ya madini wanayo. Kesho nakwenda na Nelly."

Charles aliwatazama wachimbaji, akitafuta hata mmoja wa upande wake, na macho yalimkwepa moja baada ya jingine, hata ya vijana aliowaajiri mwenyewe. Mtu aliyekuwa ametangaza kwenye kipaza sauti kwamba aliwatia hofu kwa uongo hangeweza kuwatia nyingine siku hiyo hiyo. Aliweka kipaza sauti juu ya kiroba cha mawe na kuvua kofia, akaifuta jasho kwa ndani.

Kisha akajikaza kwa mara ya mwisho. "Haya, wote mmesikia hakuna mwiko," alisema. "Onesmo, chukua watu wako mshuke."

Onesmo alivaa tochi yake kichwani. Akainua sururu. Wenzake wakakusanyika nyuma yake mpaka wakafika gogo alilokalia Bernadina, na pale wote wakasimama. Mzee hakumgeukia Charles. Alimuinamia mama yule, kama alivyokuwa akimuinamia Ngassa kila asubuhi kabla ya kushuka.

"Mama Nelly," aliuliza, "tushuke?"

Bernadina hakuwahi kuulizwa swali hilo maishani mwake.

"Msishuke," alisema.

Wakaweka sururu chini.